Mjonso ulimshusha homa mwanangu, mbona malaria ikarudi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, tunaishi kijiji cha mwambao kusini mwa Kigoma, jirani na milima ya Mahale. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka miwili na nusu alishikwa na homa. Mama mkwe wangu ni Mtongwe na anaijua miti. Alichemsha majani ya mjonso akampa vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni. Homa ikashuka, mtoto akacheza, tukashukuru. Usiku wa tano homa ikarudi kwa nguvu na degedege juu yake. Tulimkimbiza zahanati kwa bodaboda, kipimo kikaonyesha malaria, akachomwa sindano, tukapelekwa kituo cha afya. Sasa ni mzima. Mimi nina mimba ya miezi minne, tumbo linanisumbua, na mama mkwe anataka ninywe mjonso huohuo. Mume wangu anasema mti ule ni sumu, ataukata. Mama mkwe anasema hata sokwe wa Mahale wanautumia. Je, ni dawa au si dawa? Na nimwambieje mama bila kumvunjia heshima?

JIBU: Marahaba, dada, na pole sana kwa usiku ule. Barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kuanza kuandika.

Nianze na lile lisilongoja. Mjonso usinywe, si leo wala kesho, mpaka ujifungue. Tumbo lako lipeleke kliniki, ueleze wazi linavyouma. Kama linabana na kuachia, au ukiona damu au maji yanatoka, nenda siku hiyohiyo, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Na mtoto akishikwa na homa tena, kitu cha kwanza ni kipimo, kabla ya jani lolote na kabla ya kidonge chochote cha dukani. Sababu za haya yote nitazieleza, kwa sababu mama mkwe wako hakusema uongo, na ninyi watatu mkibaki mnabishana bila kuelezwa, atakayeumia tena ni mtoto.

Mjonso ni jina la Kitongwe. Warundi wanauita umubirizi, Wahaya omubirizi, Waganda mululuza. Kwa jina la kitaalamu ni Vernonia amygdalina, ingawa siku hizi wataalamu wa mimea wengi wanauandika Gymnanthemum amygdalinum. Ni wa ukoo mmoja na alizeti, japo ukiuangalia hutadhani. Umeenea karibu Afrika yote ya kitropiki, kando ya mito, kwenye mashamba yaliyoachwa, nyuma ya nyumba. Ukichomeka kijiti chake ardhini wakati wa masika, kinashika.

Afrika Magharibi wanaula. Waigbo wa Nigeria wanauita onugbu na kuupikia supu, na Kameruni chakula chao kinachojulikana kuliko vyote, ndolé, hupikwa kwa majani haya. Lakini hakuna mpishi kule anayeyatia chunguni kama yalivyochumwa. Fanya jaribio hili uani kwako. Chukua majani ya kujaa kiganja, yafikiche kwa nguvu ndani ya beseni la maji baridi. Maji yatageuka kijani kizito na povu litainuka kama umetia sabuni. Mwaga, weka maji mengine, fikicha tena. Mara ya tatu au ya nne povu linakuwa dogo, na ukilamba jani, ule uchungu unaokaza koo umebaki kidogo tu. Mpishi wa ndolé anayamwaga maji yale na kubaki na jani. Kwenye dawa ya nyumbani tunafanya kinyume chake: jani linatupwa, yale maji ndiyo yananywewa. Basi mtu asikwambie kwamba mjonso ni salama kwa sababu Wanigeria wanaula kila siku. Wanachokula wao na alichokunywa mwanao ni vitu viwili mbali kabisa.

Sasa sokwe. Kisa hicho ni cha kweli, na kimetokea kwenye milima mnayoiona mkiwa ziwani. Mwezi Novemba 1987, mtafiti Michael Huffman alikuwa Mahale akifuatana na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyefanya kazi ya kuhifadhi wanyama na ambaye pia alikuwa mtaalamu wa miti dawa. Siku hiyo walikuwa wanamwangalia sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mnyonge, hamu ya kula hana, choo na mkojo vimebadilika. Akaufuata mti wa mjonso, akavunja tawi changa, akamenya ganda na majani, akayaacha, kisha akatafuna kiini cha ndani na kunyonya maji yake. Mzee Mohamedi ndiye aliyemweleza mwenzake kwamba mti ule kwa Watongwe ni dawa kali ya tumbo, ya minyoo na ya homa. Kesho yake Chausiku alikuwa amerudiwa na nguvu. Makala ya kisayansi juu ya jambo hilo ilitoka mwaka 1989 ikiwa na majina yao wote wawili. Hilo mwambie mama mkwe wako. Ujuzi wa wazee wake umeandikwa na unasomwa duniani, na mzee wa Kitongwe ametajwa kama mwandishi, hakufichwa nyuma ya jina la mgeni.

Mzee huyo alisimulia pia habari za babu yake, aliyegundua mmea uitwao mulengelele kwa kumwona mtoto wa nungunungu, mgonjwa wa kuhara, akifukua mizizi yake na kuila. Wakati huo kijijini kulikuwa na ugonjwa wa kuhara unaoua watu, na mmea huo ukawaokoa wengi. Kwa Watongwe kujifunza dawa kwa mnyama si jambo la ajabu.

Baadaye ushahidi uliongezeka. Desemba 1991 sokwe jike mwingine huko Mahale alionekana akitafuna kiini cha mjonso, na kinyesi chake kikapimwa. Mayai ya minyoo yalikuwa 130 kwa kila gramu. Baada ya saa 20 yalikuwa 15. Mimi nimesoma tafiti nyingi za mimea, na ni chache zinazotoka porini na zinazosema kwa uwazi wa namna hiyo.

Lakini rudi kwa Chausiku, utazame alichokitupa. Alitupa majani. Alitupa ganda. Wataalamu wa kemia walipoupasua mti huu sehemu kwa sehemu, walikuta kwenye majani na ganda kemikali iitwayo venodalini, na kwa wingi. Walipowapa panya wa maabara kemikali hiyo, iliwadhuru vibaya. Kwenye kiini cha shina changa venodalini ni kidogo sana, na kuna kemikali nyingine, venoniosidi B1, ambayo kwenye vyombo vya maabara ilipunguza mwendo wa minyoo ya kichocho na kuizuia kutaga mayai. Sokwe anachukua ile sehemu yenye sumu kidogo. Sisi tunachuma ile aliyoitupa, tunaichemsha mpaka maji yawe meusi, tunampa mtoto wa kilo 12. Kwa hiyo mumeo naye ana la kweli katika hofu yake, ila amekosea kuhukumu mti mzima.

Wazee waliojua kazi hii hawakuchemsha majani kiholela. Watongwe hutumia majani yaliyopondwa na kulowekwa kwenye maji ya baridi, na mganga aliyefundwa anajua mti upi, majani mangapi na mtu wa namna gani. Kinachoharibika ni pale dawa inapotoka kwenye mkono wa mjuzi na kuingia kila jiko, kila mtu na sufuria yake, na jani linachumwa leo la masika, kesho la kiangazi, wakati nguvu yake si ileile. Hakuna dozi ya mtoto iliyokubaliwa popote. Vijiko vitatu vya leo vinaweza kuwa mara mbili ya vijiko vitatu vya jana.

Tuje kwenye homa, ambayo ndiyo kiini cha swali lako. Umeuliza kama ni dawa au si dawa, na mwenyewe umetoa jibu bila kujua: homa ilishuka, kisha ikarudi. Uganda walifanya jaribio kwa wagonjwa wa malaria isiyo kali waliokunywa maji ya majani mabichi ya mti huuhuu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Kufikia siku ya 14, wagonjwa 67 kati ya kila 100 walikuwa na nafuu nzuri. Ungeishia hapo ungesema dawa imepatikana. Ila walipopimwa damu, katika hao waliopata nafuu ni asilimia 32 tu ambao vimelea vilikuwa vimetoweka kabisa. Na katika hao waliosafika, asilimia 71 vimelea vilirudi tena. Ukipiga hesabu hadi mwisho, katika wagonjwa 100 wanabaki kama 6.

Soma tena habari ya mwanao ukiwa na tarakimu hizo mkononi. Mjonso haukumdanganya mama mkwe wako kwamba mtoto ana nafuu, kwa maana mtoto alikuwa na nafuu kweli, alicheza kweli. Vimelea vilipungua vikabaki vichache, na kimelea cha malaria kikibaki kinazaliana tena ndani ya chembe za damu kila baada ya saa 48 hivi. Usiku wa tano vilikuwa vimejaa tena. Mtu mzima aliyekulia kandokando ya ziwa hili ana kinga kiasi aliyoijenga kwa kuumwa mara nyingi, na nafuu ile ndogo ya jani pamoja na kinga yake vinaweza kumvusha. Ndiyo maana kila mzee ana ushuhuda wa mjonso uliomponya. Mtoto wa miaka miwili na nusu hana kinga hiyo. Na sisi tuko Kigoma, dada. Katika utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017, karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu alikutwa na vimelea, wakati kwa nchi nzima walikuwa kama 7 kati ya 100. Mahali kama hapa homa ya mtoto ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

Kuna hoja nyingine nimeisikia mara nyingi kwa watu wa rika la mama mkwe wako: kwinini ilikuwa chungu, mjonso ni mchungu, basi kazi ni moja. Nyongo ya kuku nayo ni chungu. Uchungu unatuambia kwamba mmea una kemikali za kujilinda na wadudu, hautuambii kemikali hizo zinaua nini ndani ya damu ya mtu.

Na kama anaona dawa ya zahanati ni ya kizungu na mjonso ni wa asili, mweleze hili. Dawa mseto, ile ALu, nusu yake imetoka kwenye jani. Nchini China kuna mmea uitwao Artemisia annua uliotumika kwa homa kwa karne nyingi. Miaka ya 1970 mwanamke mtafiti, Tu Youyou, alikuwa akiutafutia dawa ya malaria, na kila alipouchemsha nguvu ilipotea. Akarudi kwenye maandishi ya kale ya waganga wao, akakuta yanaelekeza mmea ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa, hayasemi uchemshwe. Akatumia njia isiyo na joto kali, dawa ikatoka. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Mimi huwa nasisimka nikikumbuka kwamba mganga wa kale wa China na mzee wa Kitongwe, ambao hawakuwahi kusikiana, wote walishika maji ya baridi. Tofauti ni kwamba jani la China lilipimwa, likasafishwa, likaunganishwa na dawa nyingine ili kimelea kisipate pa kujificha, na leo dozi yake inajulikana kwa kilo za mtoto. Mjonso haujafanyiwa hivyo. Artemisia yenyewe ikichemshwa nyumbani kama chai inaleta tatizo lilelile la nusu dozi, basi mtu asikuuzie.

ALu ina dozi sita ndani ya siku tatu, na hufanya kazi vizuri ikiliwa pamoja na chakula chenye mafuta. Hapo Kigoma tumebarikiwa: uji wenye karanga, maziwa, au ugali na mboga iliyotiwa mawese vinatosha. Mtoto akianza kucheza siku ya pili, malizeni dozi. Dawa iliyokatizwa njiani itamrudisha palepale alipoachwa na mjonso. Akipata degedege tena, jambo ninaloomba Mungu lisitokee, mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumwumiza, usimtie kijiko wala dawa yoyote mdomoni, si mjonso si kidonge, kwani inaweza kuingia kwenye mapafu. Kisha ni safari ya zahanati.

Nilikuahidi sababu ya kukukataza wewe. Maji ya majani ya mjonso yamejaribiwa maabara kwenye misuli ya mfuko wa uzazi wa wanyama, na misuli ile ilijikaza. Kabla ya maabara wakunga walikuwa wanalijua jambo hili: Uganda na Nigeria wapo wanaompa mama mjonso uchungu ukichelewa, ili mtoto ashuke. Dawa ya kuita uchungu hainywewi kwenye mwezi wa nne. Muulize mama mkwe wako kwa upole kama wakunga wa zamani wa kwao waliutumia hivyo. Ikiwa atakumbuka, atakuzuia yeye mwenyewe.

Mtu mwingine wa kujihadhari ni mgonjwa wa kisukari anayekunywa vidonge, maana majani haya kwa wanyama yameonyesha kushusha sukari, na viwili kwa pamoja vinaweza kuishusha kupita kiasi.

Mti una kazi gani basi? Mtu mzima asiye mjamzito, asiye na homa, aliyechafukwa na tumbo, akitumia kidogo kwa siku moja au mbili kama wazee walivyomfunza, sitamgombeza. Akiharisha damu au akiona macho yanageuka manjano, aache na aende hospitali. Minyoo ya watoto ina vidonge vyake, vinagawiwa kliniki na shuleni, na kichocho kina dawa yake pia. Ukitaka mboga, fikicha na osha kama nilivyokueleza mpaka povu liishe, pika na karanga. Ila hakikisheni ni mjonso wenyewe, kwa kuwa una ndugu wengi wenye majani ya kufanana, na unga wa kwenye vichupa mnadani hauna sura ya kuutambua.

Kuhusu mama mkwe. Usianze na usiku wa degedege. Yeye anaukumbuka kuliko unavyodhani, na nina hakika unamuumiza. Anza kwa kumwomba akusimulie alifundishwa na nani mjonso, umsikilize mpaka mwisho. Halafu msomee habari za Chausiku na Mzee Mohamedi, umwonyeshe kwamba sokwe alitupa majani. Mtu anayeijua miti atalielewa hilo haraka kuliko mimi. Na siku mtoto akipata joto, usiende zahanati peke yako. Mwombe yeye ambebe mjukuu. Mwombeni mhudumu amwonyeshe kipimo: tone la damu kidoleni, matone machache ya maji yake, mnangoja dakika 15 au 20, mistari inatokea. Mstari mmoja kwenye C, hakuna malaria iliyoonekana. Miwili, ipo. Mwambie mhudumu pia kwamba mtoto alitibiwa mwezi uliopita, kwa sababu kipimo hiki kinaweza kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baada ya kupona, na hapo inafaa damu iangaliwe kwa hadubini. Ujuzi wa jani anao tayari, sasa aongeze ujuzi wa mstari, na nyumba yenu iwe na bibi anayejua vyote viwili.

Mumeo naye aache panga. Mti uking'olewa uani, mama yake atachuma wa porini, kimyakimya, na hamtajua amempa nani.

Bado jambo moja. Malaria kali hula damu. Mwangalie mtoto viganja na ndani ya kope la chini. Kama pamekuwa peupe, au anachoka na kuhema akicheza kidogo, anahitaji kupimwa wingi wa damu hata kama homa imekwisha. Mpeleke safari hiyohiyo utakayokwenda kuonyesha tumbo lako.